Bahari ya Shilingi 500

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu ukisema kitoweo cha heshima umesema kuku, na samaki tuliyemjua utotoni ni yule wa Ziwa Singidani, aliyefika nyumbani amebanikwa hadi mkia umekatika. Nilipopangiwa kazi ya unesi Dar es Salaam, miaka 18 iliyopita, mama alinionya juu ya mambo mawili: vibaka na pweza. Vibaka walinipata wiki ya kwanza. Pweza alinipata baada ya miaka miwili, na huyo ndiye aliyenifanya nisiombe uhamisho.

Nasema hivi ili msomaji ajue kwamba anayeandika si mtoto wa pwani. Sina babu mvuvi, sijui kuogelea, na mpaka leo nikimwona mkunga nashtuka. Lakini samaki wa mji huu nimemla kwa mshahara wa nesi, tena nesi mwenye watoto watatu, na katika kumla nimejifunza jambo ambalo nadhani wanaoupanga mji wetu hawajalitazama vizuri. Bahari ni kubwa na mfuko wangu ni mdogo. Katikati ya hivyo viwili wamekaa watu wenye visu, makarai na vijiti, wanaikata bahari vipande vipande mpaka inaenea kwenye shilingi 500. Hao ndio wanaotulisha samaki. Na hao ndio kila baada ya muda tunawafukuza kama tunavyofukuza nzi.

Nianze na mahali ambapo hawapo. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alimaliza chuo, tukajichanga kumpeleka hoteli moja ya ufukweni. Meza zimepangwa mchangani, upepo unapeperusha vitambaa, mawimbi yanavunjika hatua kumi kutoka miguuni mwetu. Nikaagiza samaki. Kijana wa kuhudumia akauliza, "Mkavu au wa mchuzi, mama?" Nikataka kujua ni samaki gani. "Sato," akasema.

Sato ni samaki mtamu, sina ugomvi naye. Ila nyumbani kwake ni Ziwa Victoria, na kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami. Nikamwuliza kijana huyo sato amefikaje hapa. "Kwa barafu, mama," akanijibu, wala hakuwa anatania. Sahani moja ilikuwa shilingi 28,000. Tulimla samaki wa ziwani huku bahari inatutazama, na nikiwa kwenye daladala ya kurudi Mbagala nikapiga hesabu zangu. Katika ile 28,000, samaki mwenyewe alikuwa na sehemu yake ndogo tu. Kilichobaki kilikuwa bei ya lori, barafu, jokofu, kiti, kitambaa na mandhari.

Sasa twende Feri.

Soko la samaki la Feri liko pale Kivukoni, ubavuni mwa kivuko cha Kigamboni, si mbali na Ikulu. Majengo yake yalijengwa kwa msaada wa Japani na yakaanza kutumika mwaka 2002. Zamu yangu ya usiku ikiisha, wenzangu hukimbilia kitandani. Mimi mara mbili au tatu kwa mwezi huteremka huko nikiwa na sare yangu na mfuko wa kiroba ndani ya mkoba. Sakafu imelowa, vijana wa kubeba wanapita wanapiga mbinja ili uwapishe, na dalali yuko mnadani anapandisha bei kwa sauti iliyokwisha kukauka tangu alfajiri.

Somo langu la kwanza sikulipata hapo, nililipata kituo cha daladala. Mwaka wangu wa kwanza mjini nilinunua changu watatu saa 8 mchana kwa mchuuzi wa baiskeli. Walikuwa wanang'aa, kumbe walikuwa wanang'aa kwa maji aliyokuwa akiwanyunyizia. Nilipowatia kwenye mafuta, jirani aligonga mlango kuuliza kama kuna panya aliyekufa. Toka siku hiyo najua kwamba samaki achunguzwe kama mgonjwa. Jicho liwe limejaa, lisiwe limezama wala kuvaa ukungu. Fungua shavu: matamvua yawe mekundu ya damu, yakiwa na rangi ya udongo mwache. Bonyeza tumbo kwa kidole. Nyama ikirudi, samaki ni wa leo, shimo likibaki, huyo amelala. Kisha mnuse. Samaki mbichi ananuka bahari. Akinuka samaki, umechelewa.

Somo la pili nilifundishwa na mama mmoja wa karai. Mimi namwita mama, yeye ananiita nesi, na kwa miaka yote hii hatujapata haja ya kujuana zaidi. Zamani nilikuwa nikienda Feri mwisho wa mwezi, fedha ikishaingia, na mara nyingi nikikuta vibua bei juu. Siku moja nikalalamika. Akageuza samaki wake, akafuta jasho kwa kiwiko, akaniambia, "Nesi, wewe unafuata mwezi wa mshahara. Fuata ule wa juu."

Kumbe mambo yako hivi. Vibua na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakaifuata na kukusanyika, ndipo nyavu zikazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, taa ya mvuvi haina mvuto tena, samaki wanatawanyika na bei inapanda. Likiingia giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani au unachomoza karibu na alfajiri, vibua wanashushwa kwa ndoo na matenga, na bei inateremka mpaka mtu wa Singida anaweza kuifikia. Pweza naye ana kalenda yake. Yeye anafuata bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali na kuacha miamba wazi, wavuvi wa miguu wakaweza kwenda kumtafuta kwenye mashimo kwa fimbo na vyuma. Yakiwa maji mafu, mwamba haufikiki kwa mguu.

Basi nyumbani kwangu ratiba ya zamu haina majina ya zamu peke yake. Siku za giza nimezizungushia duara kwa kalamu nyeusi. Watoto wanajua kwamba duara jeusi maana yake ni vibua, na mtu asishibe sana kwa jirani.

Nije kwenye karai lenyewe. Wanaokaanga Feri wana makarai ambayo mtoto wa miaka mitano angeoga ndani yake, chini kuna kuni, juu kuna moshi unaokula macho. Samaki amechanjwa mistari mitatu kila ubavu, chumvi imeingia, akitiwa kwenye mafuta anapiga kelele kisha ananyamaza, na huko kunyamaza ndiko mama anakokusikiliza, hatazami saa. Mwenye shilingi 500 anapata dagaa wa kujaza kiganja. Mwenye 1,000 anapata kibua mzima na kachumbari. Mwenye 5,000 anachagua changu au kipande cha nguru. Wote wanakaa benchi moja, bosi wa Posta aliyelegeza tai na kijana wa kubeba mizigo asiye na shati, na pilipili ni ile ile. Sijui mahali pengine mjini hapa ambapo watu hao wawili wanasogezeana chumvi.

Tena, kwa taaluma yangu niseme: anayejidharau kwa sababu amekula dagaa au kibua ajue anajionea bure. Dagaa unamla na mifupa yake, na mifupa hiyo ni madini ambayo mama mjamzito na mtoto anayekua wanayahitaji. Kibua ana mafuta ambayo moyo unayapenda. Tumewapanga samaki kwa vyeo, changu na kolekole wageni rasmi, vibua na dagaa watu wa mlangoni. Mwili hausomi vyeo hivyo.

Jioni bahari inahamia mitaani, na hapo ndipo nilipokutana na pweza.

Ilikuwa Mbagala, kona ya mtaa wetu. Meza ndogo, taa ya chaji imening'inizwa kwenye mti, sinia ya pweza waliochemshwa wakawa wekundu kama udongo wa kwetu, na pembeni sufuria ya supu inatoa moshi. Wanaume sita au saba wamesimama kuizunguka. Supu ya pweza mjini hapa ina sifa zake, na sifa hizo si za kuandikwa kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Nilipoagiza kikombe, mazungumzo yote yalikatika. Muuzaji, kijana mpole wa Kilwa, akaniuliza kwa adabu, "Ya kwako, dada, au ya kumpelekea shemeji?" Nikamjibu, "Ya kwangu. Shemeji yako yuko Singida, anakunywa ya kuku." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, na toka siku hiyo nikapewa nafasi yangu pale mezani.

Supu ilikuwa ya chumvi, ndimu na pilipili manga, nzito kidogo, na nilipoimaliza nilihisi kama nimeimeza ile bahari niliyokuwa naiogopa. Lakini kilichonikamata zaidi ni vijiti. Pweza hukatwa vipande vidogo, kila kipande kina kijiti chake. Unachovya kwenye pilipili, unakula, kijiti unakiweka mbele yako. Hakuna anayeandika. Ukishiba, muuzaji anahesabu vijiti na kukutajia deni. Enzi hizo kimoja shilingi 100. Mwenye 500 anakula mitano na kuondoka mtu kamili, hajaomba wala hajapunguziwa. Usiku huo bwana mmoja mwenye suti alikuwa akidondosha baadhi ya vijiti chini, kimoja kimoja, huku anazungumza siasa. Alipoulizia deni lake, kijana hakuinama wala hakupandisha sauti. Akasema tu, "Vinane, mzee, na vile vitatu vya chini." Mzee akalipa 11.

Hapo palikuwa na benki, mizani na mahakama, vyote juu ya meza ya mbao ya kimo cha kiuno.

Ukitaka matembezi marefu zaidi, yapo pia. Pantoni ya Kigamboni inakuvusha kwa shilingi 200, upepo wa bure, na ng'ambo unakuta samaki wa kukaanga hatua chache kutoka gatini. Coco Beach kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ukwaju, na ukitembea kidogo unapata pweza au ngisi wa kusindikiza. Kunduchi nenda wakati mashua zinarudi, uwe na kisu chako na uvumilivu. Sitakaa sana huko, maana kote utaona mambo yale yale: samaki anakuwa wa watu pale tu alipo mtu wa kumgawa.

Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara za jiji, meza ya kijana wa Kilwa nayo iliondoka. Nilimkosa kwa miezi minne. Nilipompata, alikuwa amebanwa ndani ya eneo lisilopitwa na watu jioni, akilipia kibanda, na kijiti kilikuwa kimepanda. Hakuwa amekuwa mlafi. Alihamishwa mbali na wateja, na mwenye mfuko mdogo ndiye aliyelipia umbali huo, kama mimi nilivyolipia zile kilomita za sato.

Najua jibu litakalotolewa: usafi. Jibu hilo silidharau, ndiyo kazi yangu. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam nilikuwa wodini, nikibadilisha chupa za maji ya mishipani mpaka mikono ikafa ganzi. Nimeona chakula kinavyoweza kumlaza mtu mzima kitandani kati ya asubuhi na magharibi. Lakini nesi anajua pia adui anapokaa. Samaki aliyetoka kwenye mafuta yanayochemka sasa hivi ni salama kuliko vyakula vingi vilivyopoa kwenye sahani za gharama. Hatari iko kwenye ndoo moja ya maji ya kunawa watu 40, kwenye kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kuokoteza, kwenye mafuta yaliyotumika mpaka yakawa lami, kwenye mtaro uliozibwa. Ukimfukuza mama wa karai, ndoo ile ile anaenda nayo uchochoroni ambako hata bwana afya hafiki. Ukimpa bomba, ndoo inakufa.

Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Popote watu wanapokaanga na kuchemsha samaki kwa ajili ya mwenye 500, pawekwe bomba linalotoa maji, mtaro unaopitika, taa, choo, na kivuli. Mashine za barafu ziwekwe karibu na mashua zinaposhusha, ili samaki wa saa 12 asubuhi asilazimike kuuzwa saa 8 mchana kwa kunyunyiziwa uongo. Bwana afya apite kila wiki, anuse mafuta na kuyamwaga yanapostahili kumwagwa. Na wakipanga ramani mpya za fukwe zetu, meza ya pweza ichorwe kwenye ramani tangu mwanzo, isije ikaonekana ni takataka iliyopeperushwa na upepo baada ya mkandarasi kuondoka.

Sisi walaji nasi tuna deni. Kanuni za uvuvi za nchi hii zinakataza kumvua pweza aliye chini ya gramu 500, lakini vijiti haviulizi uzito. Miaka ya karibuni nimeona kwenye masinia mengine vipweza vya kuenea mkononi. Pweza anaishi mwaka mmoja hivi, na jike hutaga mara moja tu maishani. Akishataga anakaa shimoni kuyalinda mayai yake bila kula, yakianguliwa yeye anakufa. Mimi ninayekaa wodi ya wazazi nilipoisoma habari hiyo nilinyamaza kidogo. Kumla kabla hajafika hapo ni kula kijiti cha leo na vijiti vya mwakani kwa pamoja, na vya mwakani haviko mezani vihesabiwe. Mchuuzi akikuwekea kipweza, mwambie akuwekee mkubwa. Akikosa, kunywa chai uondoke. Anayeishi kwa wateja hujifunza upesi.

Nimalizie na mwezi uliopita, siku ya tatu ya giza.

Vibua walikuwa wengi mnadani, ila walikuwa wanauzwa kwa ndoo, na ndoo ni ya mtu mwenye friza au biashara. Pembeni yangu walisimama wanawake watatu: mtu mzima wa baibui auzaye maandazi Tandika, binti wa chuo aliyevuka na pantoni kutoka Kigamboni, na mama mwenye mtoto mgongoni. Hatukuwa tunajuana. Dalali alifika 45,000, tukatazamana. "Tuchange?" akauliza wa Tandika. Tukaichukua kwa 48,000, kila mmoja 12,000.

Tulitandika kiroba changu pembeni ya ukuta. Mtu mzima akahesabu kwa sauti: vibua 98. Mafungu manne ya 24, wakabaki wawili. Kisha akampanga binti wa chuo atugeuzie mgongo, asione kitu, yeye akaweka kidole juu ya fungu moja. "Hili la nani?" Binti akajibu akitazama bahari, "La nesi." Kidole kikahamia la pili. "Hili?" "La mama mtoto." Likaisha hivyo, hakuna aliyechagua wakubwa, hakuna aliyenung'unika. Kibua mmoja alikuwa amekwenda kwa kama shilingi 500.

Wale wawili waliobaki tuliwapeleka kwa mama wa karai. Akawakaanga, akadai 500 ya mafuta na kuni, akawakata kila mmoja katikati. Tulikula tumesimama, nusu kibua kila mtu, mtoto mgongoni akinyoosha mkono akapewa mnofu uliochambuliwa miiba. Nusu yangu ilikuwa ya mkiani, imekauka vizuri, chumvi imeshika mpaka ndani.

Kabla hatujaachana, yule wa Tandika alifunga mfuko wake, akauliza giza lijalo linaanza lini. Nikafungua mkoba nikatoa ratiba yangu ya zamu.